Boneti ya kaboni nyumbani: anza na kalibu

*Swali: Shikamoo fundi. Nina gari dogo nililolifanyia kazi mwenyewe kwa miaka mitatu. Injini na breki nimeshamaliza. Sasa nataka kupunguza uzito wa bodi. Nimenunua mita sita za kitambaa cha nyuzi za kaboni, bado sijakigusa. Nataka kutengeneza boneti, fenda mbili za mbele na mlango wa buti kwenye gereji ya nyumbani. Wapo wanaoniambia nibandike tu kitambaa juu ya bati lililopo, na wapo wanaosema bila tanuri la shinikizo nisijaribu kabisa. Nianzie wapi, na nitumie gundi gani?*

Marahaba ndugu yangu. Umefanya vyema kutokigusa kitambaa. Kiache kimeviringwa kwenye bomba lake, mbali na vumbi, unyevu na jua, maana hutakihitaji kwa wiki kadhaa. Wengi huanza kwa kukata kaboni kwa sababu ndiyo inayovutia macho, lakini siku ya kulaza kaboni ni siku moja tu. Siku nyingine zote ni za kalibu. Kalibu ikiwa nzuri, hata mtu anayejifunza hutoa kipande safi. Kalibu ikiwa mbovu, hakuna resini (gundi ya majimaji inayogandisha nyuzi) wala pampu itakayokuokoa.

Nianze na hao washauri wako wawili.

Kubandika kitambaa juu ya bati ni kazi ya urembo. Chukua boneti yenye eneo la mita moja na nusu ya mraba. Tabaka moja la kitambaa cha gramu 200 kwa mita ya mraba litakula gramu 300 za kaboni na angalau gramu 300 za resini. Juu yake utapaka mikono mitatu au minne ya resini ili ufumaji uzame na uso uwe kama kioo, kisha klia, yaani rangi ya uwazi ya juu kabisa. Umeongeza zaidi ya kilo moja kwenye gari ulilotaka kulipunguza. Pia bati na kaboni hazitanuki kwa kiasi kimoja zikipata joto, kwa hiyo baada ya misimu michache kingo huanza kuachia. Kama lengo ni uzito, njia hiyo isahau.

Mshauri wa tanuri ana hoja, ila anazungumzia kitu kingine. Mwaka 1981 timu ya McLaren walipoingiza MP4/1 kwenye mbio za Formula 1, gari ambalo John Barnard alilibuni likiwa na fremu kuu ya nyuzi za kaboni, kazi hiyo ilihitaji kampuni ya Marekani, Hercules, iliyozoea vifaa vya anga. Fremu ile inabeba injini, inabeba maisha ya dereva. Boneti inabeba upepo na mkono wa anayeifunga. Kwa kazi hiyo, pampu inayonyonya hewa ndani ya mfuko wa plastiki inatosha, kwa sababu hewa iliyotuzunguka inasukuma kwa karibu tani kumi kwa kila mita ya mraba. Huna haja ya kununua shinikizo. Ondoa tu hewa ya upande wa pili.

Sasa hesabu ya uzito, maana hapa watu hudanganyana sana. Chuma kina gramu 7.85 kwa kila sentimita ya ujazo. Kaboni iliyokwisha kushikana na epoksi, aina moja ya resini, ina kama gramu 1.5. Ukiishia hapo utasema kaboni ni nyepesi mara tano. Lakini kitambaa kilichofumwa, hata ukikivuta kwa mwelekeo wa nyuzi zake, kina karibu theluthi tu ya ukakamavu wa chuma kwa unene uleule, na ukikivuta kwa mshazari kina chini ya hapo sana. Bahati nzuri, ukakamavu wa bamba dhidi ya kupinda hukua kwa mchemraba wa unene wake: ukiongeza unene mara mbili, ukakamavu wa kupinda unaongezeka mara nane. Kwa hiyo bati la milimita 0.7 linalingana na kaboni ya kama milimita 1.1 au 1.2, na uzito unabaki theluthi moja. Theluthi ni faida kubwa. Usiingie kwenye kazi hii ukitegemea moja ya tano.

Tabaka moja la kitambaa cha gramu 200, likibanwa kwa ombwe, hutoa karibu robo ya milimita. Unahitaji tabaka nne au tano. Boneti ya mita moja na nusu ya mraba ikihitaji tabaka nne ni mita sita za mraba, bado hujahesabu mabaki ya kukata. Kama kitambaa chako kina upana wa mita moja na robo, ulichonunua kinatosha boneti peke yake. Fenda na buti zitasubiri, na nakuomba zisubiri.

Kuhusu vipande ulivyochagua: boneti, fenda na mlango wa buti vinafaa. Milango ya pembeni usiiguse, kwa sababu ndani yake kuna nguzo za kukinga mgongano wa ubavuni. Paa ni sehemu ya mifupa ya gari. Ganda la bampa unaweza kulitengeneza, ila boriti iliyo nyuma yake ibaki kama kiwanda kilivyoiweka. Angalia pia kama kuna antena ndani ya mlango wa buti au rada nyuma ya bampa: kaboni inapitisha umeme, hivyo inazuia mawimbi ya redio. Nyuzi za kioo haziyazuii. Mlango wa buti ukiwa mwepesi, zile pampu za gesi zinazouinua zitakuwa na nguvu kupita kiasi na zitapinda bawaba. Tafuta zenye nguvu ndogo kabla ya kufunga.

Boneti ina jambo zito zaidi. Boneti ya chuma ina fremu ya ndani yenye mikunjo iliyopangwa, ili gari likigonga ijikunje katikati isirudi nyuma kuelekea kioo cha mbele. Kaboni haijikunji, inavunjika, na vipande vyake vina ncha kama wembe. Ndiyo maana ninapendekeza tabaka la ndani kabisa liwe la aramidi (nyuzi ngumu kama za fulana za kuzuia risasi) au la nyuzi za kioo, lishike vipande visitawanyike. Loki ya asili ibaki, iimarishwe, na uongeze pini mbili za boneti kwenye pembe za mbele. Kabla ya yote, uliza mamlaka ya ukaguzi wa magari na kampuni yako ya bima kama badiliko hili linakubalika. Ni mazungumzo ya dakika chache, na afadhali uyafanye kabla ya kutumia pesa.

Turudi kwenye kalibu. Boneti yako ya chuma ndiyo itakuwa kielelezo. Kila kovu lililomo, kila chembe ya vumbi chini ya rangi, itahamia kwenye kalibu na kutoka kalibu kwenda kwenye kila kipande utakachotoa. Nyoosha mabonde, paka rangi yenye hadina (dawa ya kuigandisha), iache ikauke vizuri, piga msasa wa maji hadi namba 1200 au zaidi, kisha ng'arisha. Halafu nta ya kuachisha, ili kalibu isigandane na boneti: mikono sita, kila mmoja uachwe ukauke kama saa moja kabla ya kufuta na kupaka unaofuata. Jaribio langu ni utepe wa karatasi. Ubandike pembeni, ukishika kwa nguvu, nta bado. Ukianguka wenyewe, uko tayari. Kwa mara ya kwanza ongeza juu ya nta utando wa PVA, ule wa majimaji unaokauka kama ngozi nyembamba ya plastiki. Unapunguza mng'ao kidogo, lakini ni kinga yako kama kuna mahali nta iliruka.

Kuzunguka boneti jenga ukingo wa ubao wa plastiki wenye upana wa sentimita kumi, na uzibe mwanya kati yake na boneti kwa nta laini. Ukingo huu ndio mahali pa kubandikia mfuko wa ombwe baadaye. Nimeona kalibu nzuri kabisa zikitupwa kwa sababu mwenyewe alimaliza kila kitu ndipo akagundua hana pa kuweka utepe wa kuziba.

Kisha tazama kingo zinazokunjwa kuelekea chini. Kama ukuta wa kalibu umesimama wima kabisa au umerudi ndani, kipande hakitatoka. Ukuta unahitaji mteremko wa digrii tatu angalau. Pale boneti inapokunja kurudi ndani, kalibu lazima iwe ya vipande viwili vinavyofungwa kwa bolti. Fenda zina mikunjo ya namna hiyo upande wa gurudumu, upande wa taa na upande wa mlango, ndiyo maana nilisema zisubiri.

Kalibu yenyewe ni ya jelikoti ya kalibu, ile resini nzito inayofanya uso wake, na mikeka ya nyuzi za kioo kwa resini ya poliesta au vinilesta. Jelikoti iwe na unene wa milimita 0.6 hadi 0.8. Ikiwa nyembamba itakunjamana kama ngozi ya mzee resini ya mkeka inapoigusa; ikiwa nene itapasuka. Subiri mpaka kidole kiache alama bila kuondoka na rangi, ndipo ulaze mkeka mwepesi wa kwanza, uufuatilie kwa brashi na rola mpaka usione hata povu moja nyuma ya jelikoti, hasa kwenye kona. Uache ugande. Baada yake mikeka ya gramu 450, miwili kwa siku, hadi unene ufike milimita tano au sita. Ukiharakisha ukaweka mitano kwa mpigo, resini itachemka, itasinyaa, na sura ya kalibu itapinda. Fremu ya kuikazia kalibu kwa nyuma ifungwe ikiwa bado juu ya boneti lakini imekwisha kukauka, la sivyo mistari ya fremu itaonekana upande wa mbele.

Baada ya hapo usiibandue. Iache juu ya boneti siku tano, wiki ikiwezekana. Kalibu yangu ya kwanza kubwa niliitoa siku ya pili kwa hamu. Ilionekana nzuri. Wiki mbili baadaye ilikuwa imejikunja kama milimita nane kwenye pembe moja, na kila kipande nilichotoa humo hakikukaa kwenye gari. Sikuwa na la kufanya ila kuanza upya.

Neno juu ya hadina ya poliesta, ile ya maji meupe iitwayo MEKP. Inatumika asilimia moja hadi mbili ya uzito wa resini. Tone moja likiingia jichoni linaweza kukupofusha, kwa hiyo miwani ya kufunika macho ivaliwe kabla hujafungua chupa, na maji safi yawe karibu. Kama resini yako inahitaji kuongezewa kichocheo cha kobalti, kobalti hiyo na MEKP zisikutane kamwe moja kwa moja, hulipuka. Moja ichanganywe kabisa kwenye resini kwanza, ndipo nyingine iongezwe.

Kwa kaboni yenyewe, gundi ni epoksi. Umeuliza, na jibu langu halina mashaka. Poliesta inasinyaa zaidi na haishikamani vizuri na nyuzi za kaboni, ambazo kwa kawaida hupakwa kiwandani kitu kinachopatana na epoksi. Utakuwa umenunua nyuzi bora ukazifunga kwa kamba dhaifu. Epoksi nayo ina sheria yake: uwiano wa resini na hadina ni ule ulioandikwa, kwa mizani, bila kuongeza wala kupunguza. Wazoefu wa poliesta huongeza hadina ili ikauke haraka. Kwenye epoksi hadina iliyozidi haiharakishi kitu, inabaki ndani kama uchafu na kipande kinakuwa laini milele. Usiache mchanganyiko mwingi kwenye kopo dogo. Utapata moto wenyewe kwa wenyewe, utatoa moshi, na plastiki itayeyuka. Umimine kwenye chombo kipana kisicho na kina.

Na vaa glavu za nitrili kila mara. Hadina ya epoksi hujenga mzio mwilini taratibu, na ukishaupata hauondoki. Mafundi wazuri wameacha kazi hii kwa sababu hiyo. Ikikugusa tumia sabuni na maji. Asetoni kwenye ngozi inaifungulia njia ya kuingia ndani zaidi.

Ziko njia mbili unazoweza kuzimudu nyumbani. Ya kwanza ni kulowesha kitambaa kwa mkono kisha kukifunika kwa mfuko wa ombwe. Ya pili ni kukilaza kikiwa kikavu, kufunga mfuko, kisha kuacha ombwe livute resini ipite ndani yake. Mimi nakushauri ya pili. Kwa mkono, bila ombwe, nyuzi huwa theluthi tu ya ujazo wa kipande na resini inayobaki ni mzigo. Kwa kuvuta, nyuzi hufika nusu au zaidi kidogo. Lakini faida kubwa kwa anayejifunza ni muda: kitambaa kikavu hakikukimbizi. Unaweza kukinyoosha saa tatu, ukakiondoa, ukakirudisha, kabla hata tone la resini halijachanganywa.

Tabaka la kwanza ndilo litakaloonekana, kwa hiyo lipewe heshima yake. Bandika utepe kwenye mistari ya kukatia kabla hujakata, maana kitambaa kisichofungwa kingo hufumuka. Ufumaji wa mistari ya mshazari (twill) hujilaza kwenye mipindo kuliko ule wa kawaida wa moja juu, moja chini. Tabaka zinazofuata zigeuzwe: moja ielekee mbele na pembeni, nyingine ikae kwa digrii 45, na mpangilio wa juu ufanane na wa chini ukitazama kutoka katikati. Mpangilio usipolingana, kipande kitajisokota kikitoka. Tabaka lile la aramidi au kioo la ndani lisiwe nene, kwa sababu hiyohiyo. Kwenye kona sukuma kitambaa kwa kipande cha plastiki butu mpaka kiguse kalibu kwelikweli. Kikining'inia hata milimita mbili, hapo patajaa resini tupu, na patapasuka.

Juu ya kaboni kuna kitambaa cha kubandua, kinachotolewa resini ikishakauka, juu yake wavu wa kupitishia resini, mabomba ya kuingiza na kutoa, kisha mfuko. Mfuko uwe mkubwa kuliko kalibu, wenye mikunjo ya ziada iliyosimamishwa kwa utepe, ili uweze kuzama kwenye kila kona. Kati ya pampu na mfuko weka chungu cha kunasia resini. Bila hicho, resini itaingia kwenye pampu na hiyo itakuwa siku yake ya mwisho. Halafu washa pampu, ifikie kiwango cha mwisho, funga bomba, zima, na utazame geji kwa nusu saa. Ikishuka, kuna uvujaji, na hutachanganya resini mpaka uupate. Sikilizia kwa sikio karibu na utepe. Tundu la ukubwa wa sindano linaweza kuvuta mapovu kwenye kipande chote. Jaribio hili ndilo ninalowaona watu wakiliruka, na ndilo linaloharibu kazi kuliko kosa lingine lolote siku ya kaboni.

Lakini usianzie kwenye boneti. Chukua kioo cha dirisha, kipake nta, uvute kipande bapa cha sentimita arobaini kwa arobaini. Kikitoka, kivunje utazame ndani kama kuna sehemu kavu. Baada ya hapo fanya kifuniko cha kioo cha pembeni. Vikitoka viwili vizuri mfululizo, boneti iko mkononi mwako.

Boneti pana ikiwa bamba tupu la milimita moja itapiga mawimbi kwenye mwendo kasi. Katikati weka kiini cha povu gumu la PVC la milimita tatu hadi tano, tabaka mbili za kaboni upande mmoja na mbili upande wa pili, kingo za povu zikiwa zimechongwa kwa mteremko. Pale bawaba, loki na pini zitakapofungwa ondoa povu, weka kaboni tupu ya tabaka nyingi au kipande cha kukazia, kwa sababu bolti ikibana povu italiponda. Bolti ziwe za chuma kisichoshika kutu. Kaboni na aluminiamu zikigusana penye unyevu, aluminiamu huliwa. Tenganisha kwa tabaka jembamba la nyuzi za kioo au gundi.

Joto lisikushtukize. Epoksi iliyokauka kwa joto la chumba huanza kulegea kwenye nyuzijoto 50 hadi 60, na boneti nyeusi juani, juu ya injini, inapita hapo. Kipande kikiwa bado ndani ya kalibu, kipashe polepole, kama nyuzijoto 10 kwa saa, hadi kiwango alichoandika mtengenezaji wa resini. Chagua pia resini za kalibu zinazostahimili joto hilo. Boksi la mbao lililozungushiwa vizuia joto, lenye feni na kipimajoto, linatosha. Usipofanya hivi, jua la kwanza litafanya ufumaji ujitokeze juu ya uso uliokuwa kama kioo. Kisha klia yenye kinga ya miale ya jua, kwa sababu epoksi peke yake hugeuka njano.

Kukata kingo ni kazi ya vumbi. Vumbi hilo linawasha ngozi, halifai mapafuni, na linapitisha umeme kiasi cha kuunguza grainda, chaja na kompyuta iliyo karibu. Katia nje au tumia msasa wa maji, vaa barakoa ya daraja la P3, na nguo za kazi zisichanganywe na za nyumbani.

Ukikivuta kile kipande cha kwenye kioo, kipime kwenye mizani, ulinganishe na uzito wa kitambaa ulichoweka. Uzito wa kitambaa ukiwa karibu asilimia 60 ya kipande chote, umefika. Ukiwa chini ya nusu, niandikie unieleze geji ilisoma ngapi na ilishuka kwa kasi gani baada ya kuzima pampu. Nitajua pa kuanzia kutafuta.